Roma: Namna ya kuzuru mji wa kale kwa fedha kidogo

WATU wengi huamini kwamba kuzuru miji ya kale ya Ulaya ni anasa ya matajiri. Hata hivyo, katika Roma, mji mkuu wa Italia, msafiri anayezijua siku na taratibu za mji anaweza kuona sehemu kubwa ya historia yake bila kulipa kiingilio.

Gharama huanza kabla ya safari. Raia wa Tanzania na Kenya huhitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima. Ada hiyo hairejeshwi ombi likikataliwa. Kwa sababu hiyo, ni busara kuchagua hoteli inayoruhusu kufuta nafasi bila malipo.

Jambo la pili ni kalenda. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kiingilio ni bure katika Colosseum, uwanja uliofunguliwa mwaka 80 Baada ya Kristo, na katika Pantheon, ambako wageni walianza kutozwa euro 5 mwezi Julai 2023. Makumbusho ya Vatikani nayo huwa bure Jumapili ya mwisho ya mwezi, hadi mchana, isipokuwa siku hiyo ikiangukia sikukuu kubwa kama Pasaka. Kwa kuwa Jumapili hizo mbili hufuatana, safari ya siku nane humwezesha mgeni kuzipata zote. Kinachotakiwa ni kuwahi alfajiri, kwani foleni huwa ndefu.

Siku nyingine, tiketi za Colosseum zinunuliwe mapema kwa wauzaji rasmi. Tangu mwaka 2023 tiketi hizo huandikwa jina la mwenye nazo, hivyo anayenunua kwa walanguzi wa mitaani anaweza kuzuiwa mlangoni. Walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio.

Makanisa mengi hayatozi chochote siku zote. Kanisa la San Luigi dei Francesi lina picha tatu za Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo, na San Pietro in Vincoli ina sanamu ya Musa iliyochongwa na Michelangelo. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, mabega na magoti sharti yafunikwe.

Maji ya kunywa hayana haja ya kununuliwa. Mji una mabomba ya umma zaidi ya 2,000, yaliyoanza kuwekwa mwaka 1874, na kinachohitajika ni chupa tu. Kahawa inayonywewa kwa kusimama kaunta kwa kawaida ni nafuu kuliko ya mezani.

Mgeni atenge pia fedha za kodi ya mji, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na ajihadhari na faini. Tangu mwaka 2019, kuketi tu kwenye Ngazi za Hispania kunaweza kumgharimu euro 250, kiasi kinachoweza kufuta akiba yote ya safari.