Neno la Kiingereza "Cuckoo" na Suala la Tanakali Sauti

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyotokana na mlio, "cuckoo" hutajwa mara nyingi. Ni jina la ndege wa jamii ya kekeo ambaye dume lake huita kwa silabi mbili, na jike hutaga katika viota vya ndege wengine. Masikioni, jina na mlio ni kitu kimoja. Hata hivyo, historia ya neno hili si nyepesi kama sauti yake.

Kiingereza cha Kale hakikulitumia. Ndege huyo aliitwa "gēac", neno la asili ya Kijerumaniki. Yamkini nalo lilianza kama mwigo wa mlio, ila mabadiliko ya sauti yaliufifisha. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa cha Kale kilileta "cucu", na katika karne ya 13 umbo "cuccu" linaonekana katika wimbo maarufu wa kiangazi uliomo katika hati ya Harley 978, iliyohifadhiwa London.

Kati ya karne ya 15 na ya 18, irabu ndefu za Kiingereza zilihama: "hūs" likawa "house", na "mūs" likawa "mouse". "Cuckoo" halikufuata mkondo huo, kwa kuwa mlio wa ndege uliendelea kulishikilia. Kinyume chake ni "pigeon", lililotokana na Kilatini "pipio", kinda aliaye, kwa kupitia Kifaransa. Hapo mwigo umetoweka kabisa. Ferdinand de Saussure, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alitumia mfano huo kuonyesha kwamba hata tanakali sauti huingia katika utaratibu wa kawaida wa lugha.

Kabla yake, mwaka 1861, Max Müller aliwakejeli mjini London walioona mwigo wa milio kuwa chimbuko la lugha. Alikubali kuwa "cuckoo" ni mwigo, lakini akayahesabu maneno ya aina hiyo kuwa tasa, yasiyoweza kuvuka kitu yanachokiiga. Hoja hiyo ilipita kiasi. Jina la ndege huyo lilizaa "cuckold", mume ambaye mkewe si mwaminifu, nalo "cuckoo" lenyewe likapata maana ya mtu aliyerukwa na akili.

Kwa mtafiti wa Kiswahili, funzo lipo karibu. "Kuku" na "cock" yanafanana kwa umbo na kwa maana, lakini hakuna lililokopwa kwa jingine: la kwanza ni urithi wa Kibantu, la pili limo katika Kiingereza cha Kale kama "cocc". Lugha mbili zilimsikia ndege mmoja, kila moja kwa sikio lake. Kwa hiyo mfanano wa maneno ya milio si ushahidi wa udugu wala wa ukopaji. Ushahidi hupatikana katika ulinganifu wa sauti unaojirudia katika maneno mengi, na katika historia ya matumizi yake.