Kujifunza kwa Rekodi za Sauti

Kujifunza kwa rekodi za sauti ni kupata maarifa au stadi kwa kusikiliza maneno yaliyohifadhiwa katika santuri, kanda ya kaseti, diski, kadi ya kumbukumbu au simu. Njia hii hutumika sana katika mafunzo ya lugha, elimu ya wasioona, elimu ya dini, elimu ya watu wazima na masomo ya watoto wadogo. Inahusiana na redio lakini si redio. Matangazo ya redio yakipita yamepita, ilhali rekodi humngoja msikilizaji: huisimamisha, huirudisha nyuma na huisikia tena kadiri apendavyo. Baadaye vyombo vilipokuwa vidogo vya kutosha kuingia mfukoni, somo lilitoka darasani likamfuata mwanafunzi shambani, jikoni na ndani ya daladala. Hata hivyo, historia ya njia hii inaonyesha kwamba kurudia na kubebeka havikutosha peke yavyo. Masomo yaliyozaa matunda zaidi yalikuwa yale yaliyompa msikilizaji nafasi ya kujibu.

Mwanzo wake

Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza fonografu, mashine iliyonasa sauti kwa sindano juu ya karatasi ya bati iliyozungushiwa silinda. Mwaka uliofuata alichapisha makala katika jarida la North American Review akitaja kazi ambazo chombo hicho kingeweza kufanya. Muziki ulikuwa jambo moja tu kati ya mengi aliyoyaorodhesha. Alitaja vitabu vya kusikilizwa na vipofu, mafunzo ya ufasaha wa kusema, na kuhifadhi maelezo ya mwalimu ili mwanafunzi ayarejee wakati wowote. Karatasi ya bati ilichakaa baada ya kuchezwa mara chache, kwa hiyo mawazo hayo yalitangulia chombo chenyewe.

Santuri bapa, iliyobuniwa na Emile Berliner mwaka 1887, ndiyo iliyowezesha rekodi moja kunakiliwa kwa wingi na kuuzwa. Mwaka 1901 Jacques Roston alianzisha Linguaphone jijini London, na masomo ya lugha yakaanza kuuzwa yakiwa kitabu pamoja na sauti.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, santuri zilipata wapenzi wengi baada ya mwaka 1928, pale Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Kwa wanamuziki wa Unguja na Mombasa gramafoni ilikuwa pia shule. Nyimbo za Misri, na baadaye za filamu za Kihindi, zilisikilizwa tena na tena mpaka vidole vikazizoea, kisha zikatungiwa maneno ya Kiswahili. Kujifunza kwao kulikamilika walipokishika chombo na kuupiga wimbo wenyewe.

Vitabu vya wasioona

Wasioona ndio waliokuwa wa kwanza kunufaika na vitabu vizima vilivyorekodiwa. Nchini Marekani, Maktaba ya Bunge ilianza kusambaza vitabu hivyo mwaka 1934. Santuri zake zilizunguka polepole ili zichukue maneno mengi, miaka kadhaa kabla santuri ndefu hazijaingia madukani mwaka 1948. Uingereza ilifuata mwaka 1935. Juhudi za huko ziliongozwa kwa sehemu kubwa na Ian Fraser, askari aliyepofuka katika mapigano ya Somme wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Miongoni mwa vitabu vya mwanzo vilikuwa riwaya ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd, na Typhoon ya Joseph Conrad.

Kwa burudani vitabu hivyo vilitosha. Kwa masomo vilikuwa na kasoro kubwa, kwani mwanafunzi aliyetaka kurejea ukurasa fulani alilazimika kuutafuta kwa kubahatisha, akipeleka rekodi mbele na kuirudisha nyuma. Mwaka 1996 maktaba za wasioona kutoka nchi mbalimbali ziliunda umoja ulioweka kiwango kiitwacho DAISY. Katika kitabu cha aina hii msikilizaji huruka kutoka sura hadi sura, kichwa hadi kichwa au ukurasa hadi ukurasa, na huweka alama mahali anapotaka kurudi. Kwa hatua hiyo mwanafunzi asiyeona aliweza kuchambua kitabu cha kiada na kukinukuu kama mwenzake anayeona.

Kaseti na Walkman

Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilionyesha kaseti ndogo katika maonyesho ya redio jijini Berlin. Kundi lililoibuni liliongozwa na mhandisi Mholanzi Lou Ottens, ambaye inaelezwa alichonga kipande cha ubao kilichoenea katika mfuko wa koti lake ili kupima ukubwa wa kifaa alichokitaka. Philips iliwaruhusu watengenezaji wengine kuutumia muundo huo bila malipo, na kaseti ikaenea duniani kote.

Umuhimu wake kwa elimu ulikuwa kitufe cha kurekodi. Santuri ilihitaji kiwanda, lakini mwalimu mwenye redio kaseti na kanda ya dakika 60 aliweza kutengeneza somo lake mwenyewe, na mwanafunzi aliweza kuirekodi sauti yake akailinganisha na ya mwalimu.

Tarehe 1 Julai 1979 Sony ilianza kuuza Walkman nchini Japani. Chombo hicho kilitokana na kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari. Wahandisi waliondoa uwezo wa kurekodi, wakaweka sauti bora zaidi na matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize pamoja. Mtu akaweza kujifunza akitembea, lakini katika toleo hilo la kwanza hakuwa na mahali pa kuiweka sauti yake.

Elimu ya dini

Mwaka 1961 nchini Misri ilitolewa rekodi ya kwanza ya Kurani nzima kwa usomaji wa tartili, yaani wa utulivu na mpangilio, iliyosomwa na Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary. Baadaye zikaja rekodi za kufundishia ambamo aya husomwa polepole na watoto huitikia. Kaseti ziliupeleka usomaji huo majumbani na madukani Afrika Mashariki, sambamba na mawaidha ya masheikh wa hapa, kama Sheikh Abdilahi Nassir wa Mombasa na Sheikh Nassor Bachu wa Zanzibar. Mhadhara wa msikiti mmoja ulinakiliwa kutoka kaseti hadi kaseti ukasikika katika miji ambayo mzungumzaji hakuwahi kufika.

Lakini rekodi haikuchukua nafasi ya chuo cha Kurani. Desturi ya kusoma Kurani humtaka mwanafunzi asome mbele ya mwalimu na kusahihishwa herufi kwa herufi. Kanda humsikilizisha matamshi yaliyo sawa, ila haimwambii amekosea wapi.

Upande wa Wakristo, Joy Ridderhof alianzisha Gospel Recordings mjini Los Angeles mwaka 1939 ili kurekodi mafundisho ya Biblia katika lugha zenye wasemaji wachache. Miongoni mwa vifaa vya shirika hilo ni kichezeshi cha karatasi ngumu kilichozungushwa kwa mkono, kisichohitaji umeme wala betri.

Mafunzo ya lugha

Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani liliwafundisha askari lugha nyingi kwa kuwasikilizisha sentensi na kuwataka wazirudie mfululizo. Mtindo huo ulizaa maabara za lugha zilizoenea vyuoni katika miaka ya 1950 na 1960. Taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayowafunza wanadiplomasia iliandaa kozi za Kiswahili zenye vitabu na kanda katika miaka ya 1960. Kwa kuwa ni kazi ya serikali isiyofungwa na hakimiliki nchini humo, rekodi zake bado zinapatikana bure kwenye intaneti.

Aliyelichunguza kwa makini suala la kusahau maneno mapya ni mtaalamu wa ufundishaji wa lugha, Paul Pimsleur. Katika makala ya mwaka 1967 alipendekeza ratiba ya kukumbusha neno jipya: baada ya sekunde 5, kisha sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, na kuendelea hadi miezi na miaka. Kila muda ni takriban mara 5 ya uliotangulia, kwa hoja kwamba neno likikumbukwa pale linapokaribia kusahaulika hukaa zaidi. Katika kozi zinazobeba jina lake, Kiswahili kikiwemo, sauti huuliza swali, hunyamaza ili mwanafunzi aseme kwa kinywa chake, ndipo hutoa jibu.

Uzoefu wa Afrika Mashariki

Tanzania ilijifunza mapema kwamba sauti huhitaji watu wa kuijadili. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio, vitabu vyepesi na vikundi vya kusikiliza vyenye viongozi waliofunzwa, na iliwafikia watu wapatao milioni 2. Wanakikundi walisikiliza kipindi, walisoma kijitabu, walijadiliana, kisha walikubaliana kazi ya kufanya, kama kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wazo hilo lilijaribiwa kwa kaseti katika vikundi vya wanawake vya kaskazini mwa nchi. Kaseti iliwapa wanawake hao jambo ambalo redio haikuwa nalo: waliweza kurekodi mijadala yao kuhusu afya na lishe na kujisikiliza.

Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ulitumia masomo yaliyorekodiwa yenye vipindi vya ukimya vilivyopimwa, ili watoto wajibu kwa pamoja, waimbe au watende waliloambiwa. Mbinu hiyo ilikuwa imeanzia kwenye somo la hisabati nchini Nicaragua mwaka 1974. Zanzibar iliitumia kati ya 2006 na 2011 katika vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wasio na shule ya awali karibu, vikiwa na hadithi, nyimbo na michezo ya kuhesabu.

Rwanda ilitoa somo jingine. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, watoto wengi walibaki wakilea wadogo zao. Baadhi yao walipewa redio za Lifeline, zilizoendeshwa kwa mkono na jua, kwa sababu betri zilikuwa ghali mno kwao. Toleo lililofuata, Lifeplayer, liliongezewa uwezo wa kucheza masomo yaliyohifadhiwa ndani yake.

Zama za kidijitali

Teknolojia ya MP3, iliyotengenezwa zaidi katika taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, hupunguza ukubwa wa faili kwa kuacha sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui. Jina la faili hizo lilichaguliwa mwaka 1995, vichezeshi vya mfukoni vikaingia sokoni mwaka 1998, na iPod ikafuata mwaka 2001. Podikasti zilianza kupata umaarufu kati ya 2004 na 2005. Afrika Mashariki, chombo kilichoshinda ni simu yenye kadi ya kumbukumbu. Fundi wa mtaani hujaza kadi hiyo mihadhara, hadithi na nyimbo, na mwenye simu huzisikiliza bila kununua bando.

Shirika la Literacy Bridge, lililoanzishwa mwaka 2007 na Cliff Schmidt, lilibuni Talking Book kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme nchini Ghana. Kifaa hicho hutoa maelekezo kwa lugha ya wenyeji, hucheza mafunzo ya kilimo na afya, na humruhusu mkulima kurekodi swali au maoni yanayorudishwa kwa waandaaji wa mafunzo.

Utafiti unasemaje

Swali kama kusikiliza ni sawa na kusoma halina jibu moja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwagawa watu wazima katika makundi ya kusoma, kusikiliza, na kufanya yote mawili kwa sehemu za kitabu kimoja cha historia. Haukuona tofauti kubwa ya uelewa, si papo hapo wala wiki 2 baadaye. Utafiti wa mwaka 2010 ulitoa picha nyingine: wanafunzi wa chuo waliosikiliza podikasti ya makala ya kitaaluma walipata alama za chini sana kuliko wenzao walioisoma. Simulizi hufuatwa kwa urahisi na sikio, lakini hoja ngumu humtaka mtu arudi nyuma kila mara, na jicho hurudi haraka kuliko kidole kinachotafuta mahali kwenye rekodi.

Tokeo jingine linaeleza kwa nini ukimya wa kujibu una nguvu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikumbuka mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma, ingawa baada ya dakika 5 waliorudia ndio waliokuwa mbele. Jaribio hilo lilihusu maandishi, lakini linaonya pia dhidi ya kucheza rekodi ileile mara nyingi na kudhani imeeleweka kwa sababu imezoeleka.

Usalama wa masikio

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa. Mwongozo wake kwa mtu mzima ni kutozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Hatari huongezeka ndani ya basi au sokoni, ambako msikilizaji hupandisha sauti ili kuzidi kelele.

Sheria na upatikanaji

Kikwazo cha muda mrefu kwa wasioona kilikuwa hakimiliki, kwani kurekodi kitabu ni kukinakili. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2016, unazitaka nchi wanachama ziruhusu taasisi zinazotambuliwa kutengeneza nakala za sauti kwa ajili ya watu wasioweza kusoma chapa, bila kuomba idhini ya mwenye kitabu, na kuzipeleka katika nchi nyingine wanachama. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020. Chini ya mkataba huo, riwaya ya Kiswahili iliyosomwa na kurekodiwa Nairobi kwa ajili ya wasioona inaweza kutumwa kwa mwanafunzi wa Dodoma au Kampala, na hakuna haja ya kuirekodi upya katika kila nchi.