Cheni ya Taiming ya Probox: Vile Unacheki Alama Kabla Injini Ikukulie Doo

Kutoka Meru, ukipita Nkubu na Chuka mpaka Embu, Probox ndio punda wa kazi. Inabeba watu, ndizi, miraa na viazi. Nyingi ziko na injini ya 1NZ-FE, lita 1.5, valvu 16, kamshafti mbili. Hii injini haitumii mshipi wa taiming, inatumia cheni. Wasee hupenda kusema cheni haiharibikangi. Buda, usidanganywe.

Cheni inaunganisha krankishafti ya chini na kamshafti mbili za juu. Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti zinazunguka mara moja. Cheni ikiruka meno kadhaa, pistoni inaeza gonga valvu, na hapo si cheni unalipia tena, ni kufungua hedi mzima. Na kuna noma kubwa kuliko doo. Fikiria injini izime kwa mteremko wa daraja la Nithi, kwenye basi lilianguka Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakafa. Injini ikizima, breki inapoteza nguvu ukikanyaga mara chache tu, na stering inaeza kuwa nzito.

Dalili za kucheki
- Asubuhi ukiwasha inalia kama sufuria iko na mawe, alafu inanyamaza.
- Taa ya injini imewaka, na mashine inasoma P0016. Hiyo ni kusema krankishafti na kamshafti hazielewani.
- Gari inatetemeka ikisimama, na mlimani haivuti.

Usikimbilie kununua cheni juu ya kodi peke yake. Oili chafu, valvu ya VVT-i au sensa mbovu zinaeza leta shida za kufanana. Cheki alama kwanza.

Vile inafanywa
1. Injini ipoe kabisa. Toa waya hasi ya betri, vuta hendibreki, gia iwe nyutro.
2. Inua mbele upande wa kulia, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Toa tairi na plastiki ya ndani ndio uone pulii.
3. Toa koili, plagi zote nne na kava ya tapeti. Bila plagi, injini inazunguka rahisi.
4. Weka spana kwa bolti ya pulii, zungusha vile saa inaenda. Usirudishe nyuma.
5. Simamisha mkato wa pulii kwa "0" iliyo kwa kava ya cheni.
6. Angalia juu. Alama za sproketi zote mbili za kamshafti zinafaa kuangalia juu. Kama zote haziangalii juu, zungusha pulii mzunguko mmoja kamili, ucheki tena.

Pulii ikiwa kwa "0" na alama ya juu imepita ama imebaki nyuma, cheni imeruka ama imevutika. Usiwashe hiyo gari.

Fundi wengi hukosea hapa: cheni iko na viungo vya rangi tofauti. Hivyo ni vya kufungia cheni mpya. Injini ikishazunguka, vinahama na vinachukua mizunguko mingi kurudi mahali vilikuwa. Kwa hivyo usivitumie kuhukumu cheni iliyo ndani. Tumia alama za pulii na sproketi.

Ikibidi kubadilisha
Ambia fundi aangalie tenshena, reli za cheni na sproketi pia. Cheni mpya kwa reli zilizoisha ni kazi ya kurudiwa. Akimaliza kufunga, azungushe injini kwa mkono mara mbili, alama zirudi pale pale, ndio mwashe. Ikigoma katikati, asilazimishe.

Tenshena inasukumwa na presha ya oili. Kwa hivyo dawa ya bei rahisi ni kucheki dipstiki kila wiki na kubadilisha oili kwa wakati, hasa kama unapanda na kushuka milima kila siku.