Vipande viwili

Mwaka jana mjukuu wangu, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili, aliitwa kazini katika shule moja ya binafsi mjini Nairobi. Alinijia na karatasi mbili, moja ya mshahara wake wa hapa Tanga, nyingine ya ahadi ya kule. Alikwisha kubadili fedha za kule kuwa za hapa na kupigia mstari tofauti yake. Akaniuliza, "Babu, si wanalipa zaidi?"

Sikumjibu. Niliingia chumbani nikatoa kopo la zamani la majani ya chai, nikamwekea mezani vitu viwili vilivyomo. Cha kwanza ni kadi iliyokunjamana, yenye vyumba vya siku. Cha pili ni kijaluba cha bati, chembamba, chenye tundu la kupitishia uzi. Kadi ni ya marehemu baba yangu. Kijaluba ni cha baba mkubwa. Vyote viwili vilikuwa na jina moja, kipande.

Ndugu hao wawili walitoka Kasulu mwaka 1945, wakaletwa Tanga kwa mkataba wa kukata mkonge. Mwaka mmoja kabla yake wenye mashamba walikuwa wameunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyotafuta watu mbali, maana wenyeji wa karibu waliujua mkonge na hawakuutaka. Walioletwa hivyo waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kambini mnyapara aliijua namba kuliko jina.

Kadi ya baba ilikuwa na nafasi thelathini. Kila siku mkataji alipewa ngwe yake, majani akiyafunga mafungu ya thelathini thelathini. Akiimaliza, siku hiyo hutiwa alama. Asipoimaliza, hata kama amefanya kazi tangu alfajiri hadi jua la mchana, siku hiyo haikuwapo duniani. Mshahara ulilipwa kadi ilipojaa. Kwa desturi mtu alipewa siku 42 za kuzijaza hizo thelathini, kwa hiyo "mwezi" wa mkonge haukuwa mwezi wa kalenda. Baba alikuwa akisema kwamba mwezi wake ulikuwa na tumbo, ulinenepa kila alipougua.

Baba mkubwa hakuvumilia. Mwaka 1946, kabla ya mkataba wake kwisha, alitoroka usiku akashika njia ya Horohoro mpaka Mombasa. Kutoroka mkataba lilikuwa kosa la jinai, si ugomvi wa mtu na tajiri wake tu, na ndiyo sababu kwa miaka mingi hakuthubutu kurudi. Alipata kazi ya upakuzi bandarini Kilindini. Lakini kabla ya kazi alipata kijaluba hiki.

Kenya ilikuwa na kipande cha namna nyingine. Tangu miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka kumi na sita alitakiwa kuandikishwa na kuchukuliwa alama za vidole. Karatasi yake ilieleza amefanya kazi wapi, na mwajiri alitia sahihi anapomruhusu kuondoka. Bila sahihi hiyo hakuwa huru kwenda kwingine. Karatasi ilitiwa katika kibati, kibati kikavaliwa shingoni. Watu walikichukia mno. Ni miongoni mwa mambo yaliyompa Harry Thuku wafuasi, pamoja na kodi na hatua ya walowezi mwaka 1921 ya kutaka kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Alipokamatwa Machi 1922, umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiwe ulipigwa risasi, na watu wasiopungua ishirini walikufa. Kipande hicho cha shingoni kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940.

Basi msomaji ataona kwamba kipande cha Tanganyika kilihesabu siku za mtu, na cha Kenya kilimfunga mtu mwenyewe. Lugha yetu ina kumbukumbu nzuri kuhusu mambo haya. Kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku. Namba, kipande, kibarua: mfanyakazi tumemwita kwa jina la karatasi yake.

Shilingi wakati ule ilikuwa moja kwa Afrika Mashariki yote, kwa hiyo ndugu hawa waliweza kulinganisha bila hesabu ya kubadili fedha. Baba mkubwa alipata zaidi ya mara mbili ya baba. Alituma salamu kwa mabaharia wa majahazi kwamba mdogo wake ni mjinga. Baba alijibu kwa njia hiyo hiyo: je, nyumba unalipa? Maji unanunua? Unga unapewa? Kambini vyumba vilikuwa vibovu, lakini havikulipiwa kodi, na posho ilitolewa. Mombasa chumba kilikula mshahara kabla haujafika nyumbani. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma mjini humo, na baba mkubwa alikuwa mmoja wao. Mishahara iliongezwa. Septemba mwaka ule ule mgomo ulianza bandarini Dar es Salaam, ukapanda reli ya kati hadi bara. Mkonge haukuwa na bandari, na baba aliendelea kujaza kadi.

Kulikuwa na jambo lililofanana pande zote mbili. Mshahara ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke wala mtoto. Ilidhaniwa kwamba familia iko kijijini na inajilisha kwa jembe. Huko Kenya kamati iliyoongozwa na Carpenter ilisema wazi mwaka 1954 kwamba mshahara wa namna hiyo hautoshi, na kwamba mtu alipwe kiasi cha kuishi na jamaa yake. Mama yangu alilima bustani nyuma ya kambi ili tule. Kazi yake haikuonekana katika kadi ya nchi yoyote.

Baada ya Uhuru, kufuatia tume ya Chesworth ya mwaka 1962, kima cha chini cha Dar es Salaam kiliwekwa shilingi 150 kwa mwezi. Mishahara ya mkonge nayo ilipanda, na mtindo wa kadi za siku thelathini ukakomeshwa. Baba alifurahi. Lakini wenye mashamba walipunguza watu na kuongeza ngwe, na bei ya mkonge ilipoanguka kwa sababu ya nyuzi za viwandani, wengi waliachishwa. Baba alikuwa mmoja wao. Alipata mshahara mzuri kuliko wakati wowote, kisha akakosa kazi. Kenya nayo mwaka 1964 ilifanya mapatano: waajiri binafsi waongeze watu kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama vya wafanyakazi visigome wala kudai nyongeza. Kila nchi ilikuwa inatafuta jibu la swali lile lile, wachache walipwe vizuri au wengi wapate kidogo.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika na mpaka ukafungwa. Nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu. Niliwafundisha walimu wa kesho kwamba Kenya ni nchi ya mtu kumla mtu. Wenzetu walitujibu kwamba kwetu mtu hana cha kula. Nilikuwa na jedwali ubaoni: huku kanuni za uongozi za Azimio la Arusha, kule watumishi wa serikali walioruhusiwa kufanya biashara. Mwanachuo mmoja aliniuliza kule mwalimu analipwa kiasi gani na ana watoto wangapi darasani. Nilimwambia aketi. Sikuwa na jibu, na baba yake mtu alikuwa ng'ambo ya mpaka, kama wangu mkubwa.

Baba alifariki mwaka 1979. Habari zilipomfikia ndugu yake Mombasa, arobaini ilikuwa imekwisha. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na mapema mwaka uliofuata alikuja, mzee wa fimbo. Nilimpeleka kaburini. Jioni alitoa kijaluba mfukoni, akaomba aone kadi ya mdogo wake, ambayo mama aliihifadhi. Aliihesabu nafasi moja moja kwa kidole. Akasema, "Mwanangu, tulibishana miaka thelathini nani analipwa zaidi. Hatukuulizana siku zetu zinahesabiwa na nani."

Tangu siku hiyo nilifuta jedwali langu. Wanachuo waliponiuliza wapi ni afadhali, niliwapa maswali ya kuuliza kwanza: siku inahesabiwaje na nani ana kalamu? Nyumba na chakula ni juu ya nani? Ukiugua je? Ukitaka kuondoka, unaweza?

Maswali hayo ndiyo niliyompa mjukuu wangu. Leo Jumuiya imefufuka, na tangu mwaka 2010 tuna itifaki ya soko la pamoja inayotambua haki ya mfanyakazi kuvuka mpaka, jambo ambalo baba mkubwa alilifanya usiku kama mwizi. Mjukuu alirudi baada ya siku tatu akiwa ameandika majibu. Vipindi ni vingi zaidi, kodi ya chumba ni yake mwenyewe, likizo hazilipwi, lakini notisi ya kuacha kazi ni mwezi mmoja tu.

Alikwenda. Sikumzuia. Kabla ya kuondoka aliniomba kijaluba, nikakataa. Nilimwambia vipande hivi vikae pamoja, maana wenyewe walikaa mbalimbali muda mrefu mno.