Swali la Mganga: Tiba na Maradhi katika Ngara na Biharamulo

Mgonjwa hutazamia dawa, lakini mganga mwema huanza kwa swali. Neno hili ni jepesi kusemwa. Historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo, katika mkoa wa Kagera, yaonyesha jinsi lilivyo zito kutendwa. Ngara, nchi ya Wahangaza na Washubi, yapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo, nchi ya Wazinza na Wasubi, iko mashariki yake. Katika nchi hizo maradhi makubwa yalikuja kwa njia, na aliyetaka kuyazuia alipaswa kwanza kuiuliza njia hiyo.

Tangu kale watu wa huko hawakuutenga mwili wa mgonjwa na nyumba yake. Svein Bjerke, mtaalamu wa Norwei aliyeandika juu ya dini ya Wazinza mwaka 1981, alieleza jinsi ugonjwa na msiba vilivyompeleka mtu kwa mpiga ramli kutafuta chanzo: pengine ni mizimu ya ukoo, pengine ni Bachwezi, pengine ni uchawi. Msomi aweza kuyakataa majibu hayo, na jibu la uchawi hasa limewaumiza wengi wasio na hatia. Walakini swali lenyewe halidharauliki. Lilitaka kujua mgonjwa ametoka wapi, anaishi na nani, na ni jambo gani limeharibika kati yake na wenzake.

Pamoja na ramli ilikuwako mitishamba. Mubirizi, mti mdogo wa majani machungu unaojulikana sana Kagera, hunywewa kwa homa na kwa maumivu ya tumbo. Uchungu wake haukuwavuta wanadamu peke yao. Mwezi wa Novemba 1987, mbali kusini katika milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, watafiti walimwona sokwe mgonjwa aitwaye Chausiku akitafuna kiini cha shina la mti huo huo. Siku ya pili yake alikuwa amepata nafuu. Jambo hilo halithibitishi kwamba mubirizi huponya kila homa. Lathibitisha tu kwamba dawa ya porini yastahili kupimwa, wala si kuchekwa.

Huko Ulaya nako gome la mti mchungu lilizaa mafundisho mapya. Mwaka 1790 tabibu wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, alikunywa dawa ya gome la mkwinini naye ni mzima, akaona katika mwili wake dalili zilizofanana na za homa. Akatoa kanuni kwamba kinachomletea mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo, na tiba hiyo ikaitwa homeopathia. Matabibu wake hukaa na mgonjwa kitambo kirefu, wakimwuliza habari za usingizi wake, hofu zake na chakula chake. Hiyo ni sifa yao, na mgonjwa aliyezoea kusukumwa mlangoni hupata faraja ya kweli kwa kusikilizwa. Lakini dawa zao huzimuliwa mara nyingi mno, hata aghalabu haibaki chembe ya kitu cha asili. Na uchunguzi mkubwa uliotolewa Australia mwaka 2015 haukupata ugonjwa hata mmoja ambao tiba hiyo yathibitika kuuponya. Gome lile lile, lisilozimuliwa, ndilo lililotoa kwinini. Basi mubirizi na tone la homeopathia si kitu kimoja kwa sababu tu vyote viwili huitwa vya asili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka tiba asili na tiba mbadala chini ya baraza moja. Hata hivyo kila moja ina deni lake la ushahidi.

Ikiwa waganga hukosea kwa kujibu upesi, watawala nao hukosea kwa kutouliza. Karibu mwaka 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki. John Ford, mtaalamu wa mbung'o, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971 jinsi mambo yalivyofuatana: ng'ombe walikufa, watu wakafa njaa, mashamba yakageuka mapori, na mbung'o wakaifuata vichaka na wanyama wa porini. Malale yakawa hofu ya nchi nzima. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa Biharamulo katika makazi ya pamoja ili kuwatenga na mbung'o. Ford alikumbusha kwamba wenyeji, kwa jembe, kwa moto na kwa mifugo yao, walikuwa na njia zao za kuishi na mdudu huyo kabla ya misiba ile. Lakini watu walihamishwa kama mizigo, na ujuzi wao ukaachwa nyuma pamoja na viunga vyao.

Mwaka 1994 swali lilikuja kwa sura nyingine. Katika muda wa saa 24, mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Hapo tabibu hakuweza kumwuliza mgonjwa mmoja mmoja. Alilazimika kuuliza juu ya umati: wanywa maji gani, na wajisaidia wapi? Kisima na choo vilitangulia kidonge.

Hatimaye, mwezi wa Januari 2025, homa ya Marburg ilitokea Biharamulo. Haikuwapo chanjo iliyoidhinishwa wala dawa iliyothibitishwa. Wagonjwa kumi walihesabiwa, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa, na wote walikufa. Kilichobaki mikononi mwa wauguzi ni swali: nani alimgusa, nani alimwuguza, nani alimwosha maiti? Kila aliyetajwa aliangaliwa siku 21. Tarehe 13 Machi ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Mficha maradhi, kilio humfichua; na safari hii waliosema ukweli waliwaokoa majirani ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa.

Mpiga ramli, tabibu wa homeopathia na mfuatiliaji wa Marburg wote huuliza. Tofauti yao iko katika kinachofuata: kama jibu hupimwa au husadikiwa tu. Mgonjwa wa Ngara aliyekunywa mubirizi asubuhi na kufika hospitali jioni atasema alichokunywa ikiwa tu anajua hatadhihakiwa. Akinyamaza, tabibu atamtibu gizani. Na kosa la ukimya huo halitakuwa la mgonjwa peke yake.