Kifo cha Erinayo Oryema

Mtu asimamaye Cheptais, katika mtelemko wa Mlima Elgon, akiuelekeza uso wake machweo ya jua, huitazama Uganda. Mto Lwakhakha ndio mpaka upande huo, na mto huo si mkubwa kiasi cha kuwatenga watu. Wabukusu wa Bungoma na Wamasaba wa Mbale ni jamaa. Wasabaot wa huku na Wasebei wa kule hufahamiana kwa lugha na kwa ukoo. Kwa sababu hiyo mambo ya Uganda hayajapata kuhesabiwa kuwa mambo ya ugenini katika nchi hii ya mlimani. Tena Februari 1976, Jenerali Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda zamani, kabla Waingereza hawajausogeza mpaka mwaka 1902. Katika dai lile, Bungoma na Kitale zilikuwa zake, na watu wake pia. Dai halikufika mbali, kwa kuwa Kenya ililikataa kwa nguvu. Lakini wenyeji wa mpakani walipata nafasi ya kujiuliza maisha yao yangalikuwaje chini ya mtawala yule.

Mwaka mmoja baadaye walipata jibu. Tarehe 17 Februari 1977 Redio Uganda ilitangaza kwamba watu watatu wakubwa wamekufa pamoja katika ajali ya motokaa mjini Kampala. Wa kwanza alikuwa Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana. Wa pili alikuwa Charles Oboth-Ofumbi, Waziri wa Mambo ya Ndani. Wa tatu alikuwa Erinayo Wilson Oryema, waziri aliyeshughulikia ardhi na maji, ambaye kabla ya uwaziri alikuwa mkuu wa polisi wa nchi nzima. Juu ya Askofu Mkuu vitabu vingi vimeandikwa. Makala haya yanamhusu huyu wa tatu, ambaye hutajwa kwa mstari mmoja tu na kuachwa.

Oryema alikuwa Mwacholi wa Anaka, kaskazini ya Uganda. Aliingia katika kazi ya polisi zama za ukoloni, wakati vyeo vya juu vilikuwa vya Wazungu na Mwafrika alitazamiwa kutii zaidi ya kuamuru. Kazi ilimtoa kwao ikampeleka sehemu nyingine za nchi; mwanawe Geoffrey alizaliwa Soroti mwaka 1953. Nyumbani mwake hapakuwa na maneno ya amri na saluti peke yake. Alikuwa mpigaji wa nanga, akamfundisha mwanawe kuipiga. Msomaji wa pwani asipotezwe na jina hili: si nanga ya chombo cha baharini, bali ni ala ya nyuzi ya Waacholi, yenye sauti ya upole ifaayo mazungumzo ya jioni.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, lakini polisi waliendelea kuongozwa na Mwingereza, Michael Macoun, kwa muda. Mwaka 1964 Oryema alishika mahali pake, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda. Yafaa kuupima uzito wa jambo hili. Jeshi la polisi lilikuwa limeundwa kuwalinda watawala juu ya watawaliwa. Sasa mwana wa watawaliwa alitakiwa aligeuze liwe mlinzi wa raia. Haikuwa kazi nyepesi, wala haikutimia yote. Mwezi Novemba mwaka ule ule, polisi waliwapiga risasi raia huko Nakulabye, Kampala, na vifo vile vikawachukiza sana watu wa Buganda. Mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuyaficha haya kwa kuwa mwisho wa Oryema ulikuwa wa kusikitisha. Mkuu hubeba lawama ya waliomo chini yake, hata kama kidole kilichovuta mtambo si chake.

Ukafuata mwaka 1966. Waziri Mkuu Milton Obote alikosana na Kabaka Mutesa wa Pili, aliyekuwa pia Rais wa nchi, na mwezi Mei askari wa jeshi chini ya Idi Amin wakalishambulia jumba la Mengo. Kabaka alikimbilia Uingereza. Tangu siku ile ilionekana wazi kwamba nguvu katika Uganda zilikuwa zinatoka katika vituo vya polisi na kuhamia katika kambi za jeshi. Polisi ana bunduki, lakini ana daftari pia: huandika, huuliza, humpeleka mshitakiwa mbele ya hakimu. Askari wa kambi hana daftari. Nchi ikianza kumtegemea huyu kuliko yule, mkuu wa polisi hubaki na cheo kikubwa na uwezo mdogo.

Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin aliipindua serikali. Hapa ndipo penye fundo la maisha ya Oryema. Alikuwa mkuu wa polisi wa serikali iliyoanguka, na Mwacholi, wa moja ya makabila mawili ambayo Amin aliyaogopa kuliko yote kwa sababu ya wingi wao jeshini. Angeweza kukimbia. Hakukimbia. Alikubali uwaziri katika baraza la kwanza la Amin, akapewa na cheo cha Luteni Kanali. Katika mwaka ule ule wa 1971, askari Waacholi na Walango waliuawa kwa wingi katika kambi zao, Mbarara na Jinja, na Oryema akaendelea kuketi barazani.

Tumhukumuje? Wako wasemao kwamba alipenda cheo. Wako wasemao kwamba mtu mwenye mke na watoto na ukoo mzima nyuma yake hakuwa na hiari, kwa maana kujiuzulu mbele ya Amin kulikuwa sawa na kukiri uadui. Mimi naona kwamba kila hoja ina sehemu yake, ila hii ya pili ina uzito zaidi kuanzia 1972, wakati ambapo mawaziri wa zamani kama Basil Bataringaya walikuwa wameuawa na kila mtu alijua. Mwanzoni palikuwa na mlango. Baadaye mlango ulifungwa, na aliyebaki ndani hakuweza kutoka kwa miguu yake. Alikaa humo miaka sita.

Mambo ya mwisho yalianza usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, wakati askari walipoivamia nyumba ya Askofu Mkuu Luwum wakitafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu walimwandikia Amin barua ya kulalamika, na barua ile ilikuwa na ujasiri ambao haukuwa umeonekana kwa muda mrefu. Tarehe 16 Februari maaskofu, mawaziri, mabalozi na askari wengi waliitwa Kampala, penye hoteli ya Nile Mansions. Silaha zilitandazwa uwanjani, yakasomwa maungamo ya kwamba ulikuwapo mpango wa kumrudisha Obote kwa nguvu, na jina la Askofu Mkuu likatajwa. Askari walipoulizwa wafanyiwe nini wahaini, walipiga kelele kwamba wauawe. Maaskofu wengine waliruhusiwa kwenda zao. Luwum alizuiwa. Oryema na Oboth-Ofumbi nao wakakamatwa.

Kesho yake redio ikatoa habari ya ajali. Serikali ilisema kwamba watu hao watatu walikuwa wakipelekwa kuhojiwa, kwamba walijaribu kumshinda nguvu dereva wao, ofisa wa jeshi, na kwamba motokaa ikaacha njia. Wote watatu walikufa, dereva alinusurika. Picha ya motokaa iliyovunjika ilitolewa magazetini.

Na tuichunguze habari hii kama vile Inspekta Jenerali Oryema alivyowafundisha askari wake kuichunguza ajali yoyote ya barabarani. Kwanza, washitakiwa wa kosa la uhaini, mmoja wao aliyekuwa mkuu wa polisi kwa miaka karibu saba, huwekwaje katika motokaa moja bila ya ulinzi wa kutosha? Pili, ajali ya namna gani huua abiria wote watatu, ikamwacha hai yule ambaye ndiye aliyekuwa akishambuliwa? Tatu, na hili ndilo kubwa, kama ni ajali, kwa nini miili isitolewe kwa jamaa na madaktari waitazame mchana kweupe? Mwili wa Luwum ulipelekwa kijijini kwao Mucwini chini ya ulinzi wa askari, hali kaburi lililokwisha chimbwa Namirembe lilibaki tupu.

Jibu lilitoka kwa mtu wa ndani. Henry Kyemba alikuwa Waziri wa Afya, na hospitali ya Mulago ilikuwa chini yake. Mwaka ule ule wa 1977 alikimbilia Uingereza akaandika kitabu, na humo alieleza kwamba miili iliyoletwa katika chumba cha maiti cha Mulago ilikuwa na matundu ya risasi. Ushahidi wake una kasoro moja ambayo msomaji mwangalifu ataiona: naye alikuwa waziri wa Amin kwa miaka mingi, na mkimbizi hupenda kujitakasa. Lakini juu ya jambo hili hakuwa na faida ya kusema uongo, na maelezo yake yanalingana na hali ya mambo, ambapo maelezo ya redio hayalingani nayo hata kidogo. Lililobaki kubishaniwa ni mkono gani uliofyatua risasi. Wengine husema ni wa Amin mwenyewe, wengine husema ni wa maofisa wake. Swali la kama palikuwa na ajali limekwisha.

Amin aliondolewa na majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni mwezi Aprili 1979. Alikufa Saudia tarehe 16 Agosti 2003, bila ya kusimama mbele ya hakimu. Tume iliyoongozwa na Jaji Arthur Oder ilichunguza maovu yaliyotendeka Uganda tangu uhuru hadi 1986, na taarifa yake ikatoka mwaka 1994. Lakini taarifa si hukumu. Tarehe 16 Februari sasa ni sikukuu ya taifa kule Uganda, nayo ina jina la Janani Luwum, na sanamu yake imesimama juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London, tangu 1998. Ni haki yake. Hata hivyo watu waliokufa usiku ule walikuwa watatu, na mkuu wa polisi hana siku wala sanamu, pengine kwa sababu maisha yake hayakunyoka kama ya Askofu Mkuu, na wengi hupata taabu kumkumbuka mtu waliyeshindwa kumpa jina moja.

Geoffrey, yule mwana aliyefundishwa nanga, alifichwa ndani ya buti ya motokaa akavushwa mpaka kuingia Kenya mwaka ule wa 1977, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne. Kutoka hapa alikwenda Ufaransa, akawa mwimbaji mashuhuri, na sahani yake ya mwaka 1990 aliipa jina la uhamisho. Hakuiona Uganda tena kwa muda wa karibu miaka arobaini. Alirudi kwa mara ya kwanza Desemba 2016, akaimba Kampala, katika mji ule alimouawa baba yake. Akafa Ufaransa mwezi Juni 2018.