Boni ya Mama, Jina la Tovuti, na Swali la Nani Aachilie Kwanza

Wiki jana binamu yangu wa Litein alinipigia simu akiwa na haraka. Anauza majani chai ya pakiti mtandaoni, na domeni aliyoitaka, ya .com, ilikuwa imeshikwa na jamaa fulani. Jamaa anataka elfu arobaini. "Tuma M-Pesa sasa hivi, jioni nakuachia jina." Hiyo elfu arobaini ni boni ya mamake, yaani majani ya mwaka mzima. Nikamwambia, ngoja kwanza. Hii stori huku kwetu ni ya zamani.

Angalia shamba. Wazee wetu Wakipsigis hawakuwa wanauziana kitu kikubwa wawili gizani. Mambo yalipelekwa kokwet, majirani wakasikia. Halafu ikaja sheria ya 1967 ya bodi za ardhi: ukinunua shamba la kilimo bila kibali cha bodi, mauzo ni bure kabisa, na pesa uliyotoa unabaki kuidai kama deni. Ndiyo maana mnunuzi mwerevu Bomet huacha pesa kwa wakili mpaka hati iandikwe jina lake. Pesa imetoka kwako, lakini haijafika kwa muuzaji. Iko katikati.

Chai nayo ni kinyume. Makampuni ya wazungu yalianza mashamba makubwa Kericho miaka ya 1920, na Mwafrika akazuiwa kupanda hadi miaka ya 1950. KTDA ikaja 1964. Tangu hapo mkulima mdogo ndiye anaachilia kwanza: anapeleka majani kituoni, karani anapima, anapewa karatasi, malipo kidogo kila mwezi na boni baadaye. Silaha yake ni ile karatasi tu. Na bado kelele za mizani haziishi, mnajua wenyewe.

Sasa domeni. Huishiki mkononi, ni mstari tu kwenye rejista. Majina ya .ke husimamiwa na KENIC tangu 2002, .com iko kwa rejista ya Marekani. Anayeweza kubadilisha mstari huo ndiye mwenye mali. Mwaka 1995 jamaa mmoja Marekani alitumia barua ya kughushi akamnyang'anya Gary Kremen jina la .com lenye thamani kubwa (silitaji, mamangu husoma hapa). Kremen alishinda kesi, na 2001 akapewa dola milioni 65. Mshtakiwa akatorokea Mexico, na nyingi ya pesa hizo Kremen hakuwahi kuziona. Kushinda kesi ni kitu kimoja, kulipwa ni kingine.

M-Pesa ilianza Machi 2007 na imetusaidia sana, lakini ilitengenezwa kutuma pesa. Ikishatoka na mtu akaitoa kwa ajenti, utabaki na meseji. Wakili wa shamba, kwa domeni, anaitwa eskro: unalipa kwake, muuzaji anahamisha jina, wewe unathibitisha liko kwenye akaunti yako, ndipo pesa inaachiliwa. Escrow.com wanafanya hivyo tangu 1999. Ada ipo, ndiyo, lakini si kubwa kama kupoteza yote. Na usikubali "nimekutumia kodi ya kuhamisha" kuwa ndiyo mwisho. Kodi si jina. Domeni ya .com iliyosajiliwa au kuhamishwa majuzi mara nyingi hufungwa siku 60, kwa hiyo uliza hilo mapema.

Mimi naona aibu ndiyo hutumaliza. Kijana akiambiwa "kwani huniamini?" anatuma. Mzee wa kokwet angejibu bila kupepesa jicho: sikuamini, sikujui, ita watu.

Binamu akaomba eskro. Jamaa akakubali haraka sana, akatuma linki ya kampuni "anayoiamini". Tukaangalia hiyo tovuti imesajiliwa lini. Wiki tatu zilizopita.

Boni ya mama bado iko Sacco.